Ufa Namba Saba

4 Februari

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile sikio la kushoto, ambalo mitambo ililiharibu kabla sijazaliwa, halijaanza kumshawishi mwenzake. Mama hajambo? Mwambie blanketi alilonifungia nalitumia, ingawa huku ni joto, kwa sababu mwenye nyumba hajaniletea godoro la kueleweka. Nalilalia badala ya kujifunika. Mwambie pia kwamba ninakula vizuri. Hilo si kweli sana, lakini mwambie.

Sasa niingie katika lililonifanya nishike kalamu, maana huko bondeni hakuna mtandao na simu ya chumba cha mitambo ni ya kazi tu. Nimepangiwa Kitengo cha Picha. Ni chumba kirefu kwenye ghorofa ya tatu. Madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi ili jua lisitudanganye tunapotazama kompyuta. Meza ni sita, na feni ni moja, inayolia kama mtu anayetaka kukohoa akajizuia. Unajua ni picha zipi zilizowekwa mezani kwangu siku ya kwanza? Za ukuta wa bwawa. Zako, Mjomba. Miaka na miaka ya kazi yako, zote zimepigwa ukiwa umesimama kwenye kile kigingi cha chuma ng'ambo ya mto, pembe ileile, urefu uleule, kana kwamba ulikuwa umepandwa pale.

Nitasema kweli kama ulivyonifundisha: ni picha mbaya. Si kosa lako. Unapiga asubuhi ukuta ukiwa kivulini, kamera inalazimika kutega sikio kupita uwezo wake, na badala ya zege inasikia mvumo wake yenyewe. Matokeo ni chenga: vinukta vyeupe na vyeusi vilivyotapakaa kila mahali. Kabla yangu, ubora wa picha ulipimwa kwa macho ya msimamizi aliyetoka kunywa chai. Mimi nimeleta kipimo. Programu niliyoandika huilinganisha kila picha na picha moja safi, tunayoiita picha ya rejea, kisha huipa alama kati ya sifuri na mia. Picha iliyo chini ya themanini haiingii kwenye faili. Hurudishwa kusafishwa, tena na tena, mpaka ifike. Zako za Januari zilipata arobaini na moja. Zilipotoka kusafishwa zilipata tisini na tatu. Mkuu wa kitengo aliwaita watu wa meza nyingine waje kutazama.

Picha ya rejea niliichagua mwenyewe. Siku moja nitakuambia ni ipi, na utafurahi.

Mpwa wako, mwenye digrii na asiye na godoro.

*

19 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba. Sikio halijambo, linasikia lile linalotaka. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, nimemwambia basi awe anashuka tu. Habari ya kula aliisoma mwenyewe kabla yangu, kwa hiyo uongo wako ulifia kwenye bahasha. Jirani wa nyumba namba nne kapata mjukuu. King'ora kilijaribiwa Jumatatu, mlio mmoja kama kawaida, na paka akapanda juu ya kabati kama kawaida. Unakumbuka ulivyokuwa unajificha chini ya meza? Nakuambia, mlio mmoja ni kujaribu, miwili ni watu waondoke, na wewe wa kwanza haujaisha uko mvunguni.

Picha zako zimefika, zimechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Mkuu wa kituo kazibandika ofisini na kwenye chumba cha mitambo. Ni nzuri kweli. Ukuta unaonekana kama umetoka kwa kinyozi.

Nina swali moja tu. Ufa namba saba uko wapi?

Umekulia hapa, lakini labda hukuwa unaangalia, ulikuwa na vitabu vyako. Kila ufa kwenye ukuta una namba. Kila Jumatatu nashuka na kiti cha kamba, naweka kitone cha chaki pale ufa unapoishia, naandika tarehe pembeni. Jumatatu inayofuata nikikuta ufa umevuka kitone, najua umetembea. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna uganga hapo. Namba saba ulikaa miaka mingi umetulia. Mwezi wa kumi na mbili ukavuka kitone. Mpaka leo umevuka vitone sita, shubiri moja na vidole viwili. Kwenye picha niliyoipiga mimi vinaonekana, ukikodoa. Kwenye yako hakuna ufa, hakuna kitone, hakuna tarehe. Chaki nilipaka kwa mkono huu ninaoandikia. Imeenda wapi?

Nauliza kwa sababu mwezi wa tano wanataka kupandisha maji mpaka mstari mwekundu. Hayajawahi kufika huko. Wataamua kwa kutazama faili, si kwa kunitazama mimi. Na nyumba zetu unajua zilipo. Dirisha la mama yako linatazamana na ukuta.

Nirudishie ufa wangu.

Mjomba wako.

*

4 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za paka, za mjukuu wa jirani na za goti. Godoro limepatikana. Ni jembamba, lakini lina hadhi ya kuitwa godoro.

Swali lako ni zuri na linastahili jibu la hoja, si la hisia. Programu yangu huichukua kila nukta ya picha na kuiweka mbele ya majirani zake ishirini na wanne. Ikiwa imefanana nao, inapita. Ikiwa imewazidi weupe au weusi pasipo sababu, inahesabiwa kuwa ni chenga, na inapewa thamani ya kati ya wale majirani. Hilo si jambo la ubabaishaji. Limeandikwa, limejadiliwa, limepimwa na watu waliotutangulia kwa akili. Sasa jiulize: kitone cha chaki, ukikitazama kutoka ng'ambo ya mto, kina tofauti gani na chenga? Ni nukta moja nyeupe peke yake. Na huo unaouita ufa, mwembamba kama uzi, una tofauti gani na mfuatano wa nukta nyeusi uliojipanga kwa bahati? Jicho la binadamu lina ugonjwa wa kuona mistari. Tukiwa watoto tuliona nyuso kwenye madoa ya dari. Hatukuwaita wajenzi.

Kuona si kupima, Mjomba. Wewe unaona. Mimi napima.

Hata hivyo sitaki useme nimekupuuza. Iko njia ambayo hata wewe utaikubali. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu pale kwenye kigingi, usiiguse, na upige picha kumi na sita za mahali palepale, moja baada ya nyingine. Nitazilaza zote pamoja na kuchukua wastani wa kila nukta. Chenga hubadilika kila picha. Hapa ikiwa nyeupe, pale itakuwa nyeusi, na zikijumlishwa zinafutana hadi ibaki robo yake. Kitu cha kweli hakibadiliki. Ufa wako ukiwa ufa, utabaki. Ukiwa kivuli cha macho yako, utayeyuka, nasi tutacheka siku nikija likizo.

Na sasa nikupe ile furaha niliyokuahidi. Picha ya rejea ni ile iliyo kwenye fremu sebuleni kwako: ukuta siku ya wageni, miaka kumi na tisa iliyopita, mweupe wote, nami nikiwa na miaka sita nimesimama kwenye kona na bendera ya karatasi. Nilikuwa nimebeba nakala yake kwenye begi. Ilipigwa kutoka kwenye kigingi kilekile, kwa hiyo inalingana na nyingine zote kwa kila hali. Nikawaambia ofisini, picha safi kuliko zote za ukuta huu aliipiga mjomba wangu. Tangu siku hiyo kila picha inapimwa kwa mkono wako.

Mpwa wako.

*

18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima.

Kadi ya kamera iko ndani ya bahasha, nimeizungushia pamba. Picha kumi na sita, kama ulivyotaka. Sikugusa kamera, hata nzi aliponitua puani sikumfukuza.

Ile picha ya fremu usiitumie. Itoe. Weka nyingine yoyote. Usiniulize.

Bustani ya mama yako upande wa nyuma ina majimaji. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa kwanza.

Namba saba, vitone tisa.

Mjomba.

*

2 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Barua yako haikumtaja isipokuwa kwa bustani yake, na mimi si mtaalamu wa bustani. Mjulishe kwamba nimepandishwa cheo. Sasa ninasimamia meza tatu, na kiti changu kina mikono.

Picha zako kumi na sita zilifika salama. Niliziingiza kwenye programu moja moja, kama picha nyingine yoyote inavyoingizwa. Zilipata thelathini na nane zilipoingia, tisini na tatu zilipotoka. Hakuna ufa hata katika moja. Kumi na sita kwa sifuri, Mjomba. Kwenye mpira, kocha angekuwa ameshafukuzwa.

Kuhusu picha ya rejea, unaniamuru nisiitumie na papo hapo unanikataza kuuliza. Samahani, lakini sababu isiyosemwa haihesabiwi kuwa sababu. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliotaka waaminiwe bila kueleza, na hakuna hata kimoja kilichoisha vizuri. Kama picha hiyo ina kasoro, itaje. Kama haina, niache nijivunie.

Nikuombe jambo moja kwa heshima yote. Daktari wa macho akija kituoni, nenda akupime. Umelitazama zege miaka ishirini na sita, na macho nayo ni chombo, chombo huchoka. Mkaguzi anayeamini jicho lake kuliko kipimo huishia kukagua hofu yake mwenyewe. Sisemi hivi kukudharau. Nasema kwa kuwa ripoti imeshatiwa saini, na mojawapo ya saini ni yangu. Maji yatapandishwa hadi mstari mwekundu tarehe 12 Mei, na nisingependa siku hiyo mjomba wangu awe mtu pekee bondeni aliyekunja uso.

Mpwa wako.

*

27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina nafasi ya habari nyingine, na ninaomba radhi kwa kuruka salamu za mama.

Mchukue leo. Mpeleke kwenye nyumba za walimu kule juu kilimani, na wewe ubaki naye. Usisubiri ofisi ikuambie. Yatakayofuata yasome ukiwa huko.

Barua yangu iliyopita ilisema kweli lakini haikusema yote. Nilikuahidi kulaza picha kumi na sita pamoja na kuchukua wastani. Sikufanya hivyo. Niliziingiza moja moja kwenye programu ileile inayofuta, kisha nikakuletea matokeo ya kufutwa kana kwamba ni ushahidi. Kwa nini, sijui nijitetee vipi. Nadhani niliogopa jibu kabla sijalijua.

Jana mchana mchora ramani wa meza ya pili, mama mmoja mtu mzima anayeniita Bwana Tisini na Tatu, aliikuta kadi yako kwenye droo yangu akitafuta mkasi. Akauliza ni ya nini. Nikamweleza.

"Na huo wastani ukauchukua?" akasema.

"Haikuwa lazima. Zilipata tisini na tatu."

"Mwanangu, mbona kila kitu humu kinapata tisini na tatu? Wewe unasafisha picha au unapaka rangi?"

Nilikasirika kiasi cha kukaa chini na kufanya wastani mbele yake, ili nimnyamazishe. Kazi ya dakika tano. Chenga zilipungua kama ukungu unavyoinuka mtoni, na chini yake ufa ukabaki. Unaanza chini ya ujia wa juu, ile njia ya watu juu ya ukuta, unashuka, unapinda kulia, unagawanyika mara mbili. Vitone vyako vipo, Mjomba, vyote tisa, vimepangana kama vifungo vya shati, na nilipovuta karibu nikaona na tarehe. Mwandiko wako. Saba yako yenye mkia. Mchora ramani alirudi kwenye meza yake akasahau mkasi.

Kisha nikafungua ile picha ya rejea, kubwa kuliko nilivyowahi kuifungua. Nimeitazama maisha yangu yote na sijawahi kutazama kitu kingine zaidi ya mtoto mwenye bendera. Nyuma ya miguu yangu kuna ndoo, na ndani ya ndoo umesimama mpini wa brashi. Na ukuta umejaa mistari ya brashi, juu chini, juu chini, mpaka pale mkono wa mtu ulipofika. Mlipaka chokaa. Kulikuwa na kitu chini yake, nawe ulikijua, na ndiyo maana ulisema usiniulize.

Basi tazama nilichofanya. Nimeandika programu inayohesabu ubora wa picha kwa kadiri ukuta wa leo unavyofanana na ukuta uliofichwa siku ile. Kila ufa uliotokea ukahesabiwa uchafu. Kadiri ukuta ulivyozidi kuharibika, ndivyo programu ilivyozidi kujituma kuusafisha.

Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo. Alitazama picha ya wastani kwa muda mrefu, kisha akauliza ilipata alama ngapi. Nikamwambia hamsini na mbili. Akasema, "Kwa hiyo haijafikia kiwango." Nikamwambia kiwango chenyewe nilikitunga mimi na nimekitunga vibaya. Akasema kiwango kikishatiwa saini si changu tena, na kwamba kuna kikao tarehe 8 Mei, niwe na subira. Nikapiga simu chumba cha mitambo. Aliyepokea alikuwa mpole. Alisema anazo picha za ukuta mbele yake, ukutani, na hazina tatizo lolote. Ni zile za kung'aa. Nikamwomba akuite, akasema siku hizi hupandi ofisini. Nikamwachia ujumbe. Sikusikia kalamu ikiandika.

Mchukue mama.

Mpwa wako.

*

24 Aprili
(imefika mjini tarehe 11 Mei)

Mpwa wangu Profesa,

Natumai u mzima na hicho kiti chenye mikono kinakubeba vizuri. Hongera sana. Mama yako kamweleza kila mtu, sasa jirani wa namba nne anasema mjukuu wake akikua naye atapiga picha. Nimemwambia hupigi, unasafisha. Kasema hiyo ni kubwa zaidi. Goti la mama yako afadhali. Paka mzima.

Barua hii itachelewa. Wanatengeneza barabara ya bondeni kwa ajili ya wageni wa tarehe 12, lori la posta linaishia makutano, halishuki tena mpaka sherehe ipite. Hii nampa dereva wa kokoto aitie kwenye mfuko akifika huko. Kwa hiyo ukiniandikia nitasoma baada ya sherehe, usifikiri nimenuna.

Nilinuna kweli, siku nne. Ile ya kukagua hofu yangu iliniingia. Halafu daktari wa macho akaja, nikasema ngoja nimkomeshe huyu mtoto, nikakaa kwenye kiti chake. Akaniambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto liko njiani. Nikamuuliza, mtu kama mimi anaweza kuona mstari usiokuwepo? Akacheka, akasema mzee, anaweza kuona hata miwili.

Basi nikarudi nyumbani nikakaa na jambo hilo. Nilikupeleka shule mwenyewe, nikikushika mkono, ili siku moja ujue kuliko mimi. Siku umejua, nakubishia. Ni kichwa ngumu tu. Nikaona niache.

Na picha ya fremu nikuambie, maana sasa haina uzito. Siku ile ya wageni ukuta ulikuwa na nyufa sita ndogo na ufa wa saba, huuhuu tunaobishania. Msimamizi wa wakati huo alisema wageni hawaji kutazama nyufa. Tukajaza plasta, tukapaka chokaa, brashi nilishika mimi. Halafu nikapiga picha. Miaka kumi na tisa imenikaa pale sebuleni naiona kila nikinywa chai, na sikutaka ndiyo iwe kipimo chako. Lakini kama kipimo kimekubali, na macho yangu ndiyo yenye ugonjwa, labda hata siku ile nilijihukumu bure. Unajua nililala vizuri juzi? Mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili.

Jumatatu nilishuka na kiti cha kamba kwa mara ya mwisho. Nilichukua ndoo na kitambaa, nikafuta chaki yote. Vitone vilikuwa kumi na vinne. Nilipitisha kidole pale, kikaingia mpaka kwenye kucha, nikasema haya, hata kidole nacho kimezeeka. Kwenye daftari nimeandika, namba saba imefungwa, kwa mujibu wa picha. Nikabandika hapo nakala ya ripoti, nikatia saini chini ya yako.

Bustani bado ina majimaji, sasa yamefika jikoni. Fundi bomba kachimba, hakukuta bomba lililopasuka, lakini kasema litakuwa bomba tu.

Habari njema nimeiweka mwisho. Tarehe 12 wamenipa nafasi kwenye ujia wa juu, mimi na mama yako, viti vya mbele, kwa ajili ya miaka ishirini na sita. Ameshona gauni. Goti lile, nitamshika mkono kwenye ngazi. Na king'ora safari hii nitakibonyeza mimi, saa nne kamili, mlio mmoja, wafungue milango ya juu mtoni maji yaanze kuingia bwawani. Nimewaambia mpwa wangu ndiye aliyepima ukuta.

Mjomba wako.

*

12 Mei, makutano ya barabara ya bondeni

Mjomba,

Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nitakupa mkononi.

Nilipokea yako jana saa tisa alasiri. Kikao cha tarehe 8 hakikufanyika. Waliosema watakuja walikuwa kwenye maandalizi ya sherehe. Nami nilikaa kwenye kile kiti siku kumi na tano nikisubiri watu wenye saini wanipe ruhusa ya kuogopa. Sina hoja ya kunitetea. Nimezitafuta njia nzima kwenye basi, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa hoja.

Basi limeishia hapa. Kuna kibanda cha posta, na mtu wa posta alinikubalia nitazame kwenye mfuko wa bondeni. Barua yangu ya tarehe 27 ilikuwa juu kabisa. Haijafunguliwa. Ninayo mfukoni sasa, pamoja na picha ya wastani niliyoikunja kwenye gazeti. Simu ya chumba cha mitambo inaita tu. Wote wako juu ya ukuta.

Mlinzi wa kizuizi amenikatalia kupita kwa kuwa sina kadi ya mwaliko. Nimemwonyesha ufa. Ameutazama, akaigeuza karatasi upande wa pili, akasema, "Sasa kaka, hii mbona ina chenga?" Nimemwambia mama yangu yuko huko. Akasema basi nisubiri, wataalamu wameshapima. Nimekaa juu ya mawe ya kokoto pembeni ya kizuizi, naandika huku nikimvizia mlinzi. Kutoka hapa mpaka ukutani ni kilomita sita, na nyuma ya kibanda chake kuna njia ya mbuzi. Akigeuka tu, naiingia.

Saa yangu inasema saa nne na dakika moja. Kimelia. Mlio mmoja, mrefu, safi, hauna mtetemo. Huo ni mkono wako.

Mlinzi amevua kofia kwa heshima, kisha amegeuka kutazama bonde. Nainuka.

Nikiwa mtoto, mlio wa kwanza ulinitosha kukimbia. Leo nakimbia nikiuelekea, na ninatega sikio kwa ajili ya wa pili, na sijui niombe usikike au usisikike.